Kati ya Namba ya Simu na Kiti: Kumfikisha Mraibu wa Pombe kwenye Mkutano Jijini Nairobi

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa kanisa mtaani Buruburu, Nairobi, mbele ya familia na majirani

Bwana mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, vijana, na ninyi mliotoka kazini mkaja moja kwa moja hapa kabla ya kupitia nyumbani, itifaki naomba izingatiwe. Nimealikwa kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo: mtu aliyelemewa na pombe atapataje mkutano wa wenzake wanaoacha pombe, yaani wa ushirika wa Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA, hapa Nairobi, na akishaupata atafikaje. Nimefanya kazi ya ushauri nasaha katika jiji hili kwa miaka mingi, na nimekubali mwaliko huu kwa sababu ya jambo moja ninaloliona likijirudia. Wengi tunaowapoteza walishaambiwa kwamba mikutano ipo, na baadhi yao walishaandikiwa namba ya simu na jina la mtaa kwenye kipande cha karatasi. Wanapotelea kati ya ile namba na kiti cha mkutanoni, na hapo katikati pana kazi ambayo mgonjwa mwenyewe, kwa hali aliyo nayo, mara nyingi hawezi kuifanya, lakini mkewe, kaka yake, jirani yake au mwajiri wake anaiweza.

Utafiti wa kitaifa wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 65, mtu 1 kati ya kila 20 ana uraibu wa pombe. Chukueni hesabu hiyo muipeleke kwenye ploti yoyote ya Kayole au Pipeline yenye ghorofa saba na vyumba visivyohesabika, na mtaona kwamba hatuzungumzii watu wa mbali. Tunazungumzia mlango wa tatu kutoka kwenye ngazi.

Kutafuta mkutano ni kazi iliyotangulia mikutano yenyewe. Mwezi Mei 1935 Bill Wilson, dalali wa hisa wa New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alijikuta katika hoteli moja mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani, baada ya shughuli iliyompeleka huko kumharibikia. Upande mmoja wa ukumbi wa hoteli palikuwa na baa yenye watu na vicheko. Upande mwingine palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji ule. Alikwenda kwenye simu. Alikuwa akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba kila alipokaa na mlevi mwingine kujaribu kumsaidia, yeye mwenyewe hakunywa. Mchungaji mmoja alimpa majina ya watu, na baada ya simu kadhaa zisizozaa kitu akampata mama mmoja, Henrietta Seiberling, aliyemkutanisha na daktari wa upasuaji aitwaye Robert Smith. Daktari alikubali kumsikiliza kwa dakika 15, na wakazungumza kwa saa nyingi. Wiki chache baadaye Smith alikunywa tena, kisha akaacha kabisa, na tarehe 10 Juni 1935, siku ya kinywaji chake cha mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, ushirika ambao leo una vikundi katika nchi zipatazo 180.

Naomba mzishike zile simu zisizozaa kitu. Wilson angekuwa mtu wa kukata tamaa baada ya simu ya kwanza au ya pili, huenda leo tusingekuwa na la kuzungumza. Mtu wa Nairobi anayepiga namba iliyoandikwa miaka mitatu iliyopita na kuambiwa kwamba haipatikani anahitaji kuwa na mtu kando yake wa kumwambia, tupige nyingine.

Kabla sijafika kwenye namba hizo, kuna onyo ambalo haliwezi kusubiri mwisho wa hotuba. Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa muda mrefu, hasa yule anayelazimika kunywa asubuhi ili mikono itulie, jambo ambalo wanywaji wenyewe hulificha chini ya jina la kutoa loki, asiambiwe aache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa ghafla huanza kutetemeka, kutokwa jasho na kukosa usingizi ndani ya saa chache. Degedege linaweza kutokea katika siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wakaona na kusikia visivyokuwapo, na hali hiyo isipotibiwa inaweza kuua. Mtu wa aina hii apelekwe kwanza hospitali, iwe Mathari iliyo kando ya barabara ya Thika, iwe Kenyatta, au hospitali yoyote yenye daktari atakayemsimamia kwa dawa, na mambo ya mkutano yafuate. Mkutano hautibu degedege. Nasema hivi kwa sababu zipo familia zinazomfungia mtu chumbani kwa nia njema kabisa, zikidhani kwamba ukali ndio dawa.

Sasa, namba. Ya kwanza ambayo kila mtu humu ndani anapaswa kuwa nayo kwenye simu ni 1192, laini ya NACADA isiyotozwa malipo, ambapo mshauri hupokea, husikiliza na huelekeza. Ya pili ni tovuti ya kimataifa ya AA, ambayo huelekeza mtu kwa mawasiliano ya ushirika katika kila nchi. Lakini njia ninayoiamini kuliko zote ni ya kumuuliza mtu anayehudhuria. Nendeni kwenye kitengo cha afya ya akili katika hospitali iliyo karibu nanyi, au kwenye kituo cha kurekebisha tabia kilichoidhinishwa na NACADA, mwambieni muuguzi au mshauri: tafadhali tuunganishe na mtu mmoja tu anayekwenda kwenye mkutano wiki hii. Wahudumu hao huwafahamu, maana vikundi vingi vina desturi ya kuwatembelea wagonjwa, na waliopona wengi hufurahi kupigiwa simu. Kupokea simu ya namna hiyo ni sehemu ya kupona kwao wenyewe, kama ilivyokuwa kwa Wilson.

Neno moja dogo la kuwaepusha na mzunguko: hapa Nairobi ukimwambia mwendeshaji bodaboda akupeleke AA, au ukiandika herufi hizo mbili kwenye simu, unaweza kuishia kwenye chama cha wenye magari na shule yake ya udereva. Tajeni pombe. Semeni mkutano wa AA wa watu wanaoacha pombe, hata kama ulimi unasita kulitamka neno hilo mbele ya mgeni.

Mkishampata mtu, thibitisheni. Mikutano hii haina ofisi kubwa nyuma yake. Hukodi au huazimwa chumba kanisani, hospitalini au kwenye ukumbi wa jamii, na chumba kikihitajiwa kwa harusi au semina, mkutano huhama. Kwa hiyo ulizeni katika wiki ileile mnayotaka kwenda: je, mkutano wa Alhamisi bado upo, unaanza saa ngapi, uko jengo gani ndani ya kiwanja, na unaendeshwa kwa lugha gani, maana kuna vikundi vinavyozungumza Kiingereza zaidi na vingine vinavyochanganya Kiswahili na Kiingereza, na mtu anayesaka maneno ya kusimulia uchungu wake hastahili kuongezewa mzigo wa kuyatafsiri. Ulizeni pia kama ni mkutano wa wazi au wa ndani. Ule wa wazi humkaribisha hata jamaa au mtu anayetaka kujifunza tu. Ule wa ndani ni wa wenye shida ya pombe peke yao.

Na sasa nafika langoni, mahali ambapo nimewaona watu wakigeuka.

Karibu kila kiwanja katika jiji letu kina lango, bawabu na daftari la wageni. Daftari lile lina safu zake zilizochorwa kwa rula: jina, namba ya kitambulisho, simu, saa ya kuingia, unakokwenda, sababu ya kuja, sahihi. Mfikirieni mtu aliyechukua mwezi mzima kukubali moyoni kwamba pombe imemshinda. Ameshuka matatu kituo kimoja kabla ya kile kinachofaa ili asionekane na wa mtaani kwake. Amefika, kalamu iliyofungwa kwa uzi inatetemeka mkononi mwake, nyuma yake wanakwaya watatu wanasubiri kuandika, na bawabu, bila ubaya wowote, anamuuliza kwa sauti ya kazi: unaenda kuona nani? Hana jina la kutaja, kwa sababu anaowatafuta wamekubaliana kutotajana majina nje ya chumba. Anasema samahani, nimekosea mahali, na anarudi barabarani. Saa hiyo ni saa kumi na moja na nusu jioni. Sheria ya udhibiti wa vileo ya mwaka 2010 inaruhusu baa kufungua milango siku za kazi kuanzia saa kumi na moja.

Lango hili lina ufunguo, nao ni simu iliyopigwa mapema. Mwulizeni yule mtu mliyempata: nikifika nimwambie bawabu nini? Mara nyingi jibu ni rahisi kuliko mtu alivyodhania. Bawabu huwajua kama wale wa Alhamisi jioni, na katika safu ya sababu neno mkutano peke yake linatosha. Kilicho bora zaidi ni mwanachama mmoja kutoka nje na kumpokea mgeni pale langoni, na nimeona wakifanya hivyo kwa moyo mweupe kila walipoombwa. Nawe uliye wa familia, umsindikize. Mwanamke mmoja wa Umoja nilimsikia akimwambia mumewe asubuhi, wakati pombe ya jana ilikuwa imemtoka na ya leo haijaingia, kwa sauti ileile ambayo angemwambia habari ya karo ya mtoto: "Baba Njeri, nimeongea na mtu anayehudhuria huo mkutano. Atatungojea kwenye geti. Mimi nitakaa pale kibandani ninywe chai mpaka utoke." Hakumhubiria, wala hakumtajia fedha zilizopotea, na zilikuwa nyingi. Alichagua saa, akaandaa njia, akabaki karibu.

Ndani ya chumba mtakuta viti vya plastiki vilivyopangwa kwa mduara, chupa ya chai, na watu ambao, kama mngekutana nao kwenye foleni ya benki, msingewashuku kwa lolote. Mwenyekiti wa siku hiyo, ambaye ni mwanachama kama wengine, hufungua kwa maneno mafupi, pengine kwa ile sala ya kuomba utulivu wa kuyakubali yasiyobadilika na ujasiri wa kuyabadilisha yanayobadilika. Kisha mtu husimulia alivyokuwa, kilichotokea, na alivyo sasa. Hakuna anayekatizwa, na hakuna anayejibizana naye. Mgeni haulizwi jina kamili, kazi wala kabila, na halazimiki kusema neno. Zamu ikimfikia, aseme tu: leo ningependa kusikiliza. Hakuna ada, kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya chumba na majani ya chai, na asiye na kitu hukipitisha kwa jirani yake bila aibu. Sharti la uanachama ni moja peke yake, hamu ya kuacha kunywa. Akitokea mtu anayewadai ada ya usajili kwa jina la mkutano wa AA, jueni hapo pana jambo jingine.

Nawaomba wageni wasitoke mara tu mkutano unapofungwa. Dakika 20 zile za chai, watu wakiwa wamesimama na vikombe, ndizo zinazozaa kile ambacho mgonjwa atakihitaji usiku wa manane: namba za simu za watu wawili au watatu waliowahi kutetemeka kama anavyotetemeka. Baadaye atamchagua mmoja mwenye uzoefu amwongoze katika zile Hatua Kumi na Mbili za kupona ambazo AA hufuata; mwongozaji huyo wanachama humwita sponsa, lakini hilo halina haraka ya siku ya kwanza.

Kuna wanaouliza kama mambo haya yanafanya kazi kweli, na ni haki yao kuuliza. Mwaka 2020 asasi ya Cochrane, inayopima ushahidi wa tiba mbalimbali, ilichapisha mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Yalionyesha kwamba AA, pamoja na programu za kitaalamu zinazowaandaa watu kujiunga nayo, ziliwasaidia watu kukaa bila kunywa kabisa kwa kiwango sawa au bora kuliko tiba nyingine zinazotambulika, kama ile ya kubadilisha fikra na mienendo. Ushahidi huo hauahidi kwamba kila mtu atapona. Unatosha kumfanya mtu mwenye akili timamu ajaribu.

Na kujaribu kuwe kwa vikundi kadhaa. Kila kikundi kina tabia yake: kimoja kimejaa watu wa maofisini wanaokutana katikati ya jiji, kingine ni cha wazee watulivu, kingine ni cha vijana waliotoka vituo vya kurekebisha tabia miezi michache iliyopita. Mtu asiyejiona katika kikundi cha kwanza anaweza kujiona katika cha tatu. Ndugu zangu Waislamu wa Eastleigh na Pumwani wameniuliza mara nyingi kama wanaweza kuketi kwenye chumba kilicho ndani ya kiwanja cha kanisa. Ushirika huu haufungamani na dini yoyote. Kanisa ni mwenye nyumba tu, na hatua zake zinamtaja Mungu kama kila mtu anavyomfahamu. Asiyetaka kabisa lugha ya kiroho anaweza kutafuta vikundi vya SMART Recovery, vilivyoanza Marekani miaka ya 1990 na kuegemea mbinu za kisaikolojia, ambavyo vina mikutano kwenye intaneti.

Kwa kina mama nataka kusema kwa mkazo. Mwanamke anayekunywa hujificha mara mbili, kwa sababu mtaa unaomhurumia mwanamume mlevi humtukana mwanamke mlevi, naye anaogopa kwamba akijitokeza atanyang'anywa watoto. Mkutano unaomalizika saa mbili usiku, mvua ikinyesha na nauli ya matatu ikiwa imepanda maradufu, haukupangwa kwa kumfikiria yeye. Mwulizieni mikutano ya mchana na ya wikendi, mwulizieni kama kuna kikundi cha wanawake, mpeni mikutano ya kwenye simu ambayo anaweza kuihudhuria akiwa jikoni na kamera imezimwa. Na kuna msaada mmoja ambao hauhitaji ujuzi wowote: mbaki na watoto wake kwa saa mbili.

Ninyi mnaoishi na mraibu nanyi mna mikutano yenu. Lois, mke wa Bill Wilson, alishirikiana na wenzake mwaka 1951 kuanzisha Al-Anon kwa ajili ya jamaa za walevi, na mnaweza kuitafuta kwa njia zilezile. Mtu anaweza kwenda Al-Anon hata kama mgonjwa wake amekataa kata kata kutafuta msaada. Tena huyo ndiye anayeihitaji zaidi, kwa sababu analala akihesabu hatua ngazini kila usiku.

Akianguka baada ya kuanza, arudi kwenye chumba kilekile, hata wiki ileile. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na maradhi haya hufichwa zaidi baada ya kuanguka kuliko kabla ya kuanza, kwa kuwa sasa kuna watu wa kuwaaibikia. Hawatamsuta. Wengi wao wameingia kwa mlango ule zaidi ya mara moja, na Daktari Smith mwenyewe alikunywa baada ya kukutana na Wilson.

Namalizia kwa maombi kwa wenye uwezo wa kuamua mambo. Wazee wa makanisa na wasimamizi wa misikiti na kumbi za jamii, toeni chumba kimoja jioni moja kwa wiki, kwa kodi ambayo kikapu kinaweza kuilipa, kisha zungumzeni na bawabu wenu ili asiwadai wageni wa chumba hicho maelezo ambayo hayahitajiki. Waajiri, mfanyakazi akiomba kutoka nusu saa mapema kila Alhamisi bila kueleza sana, mruhusuni. Saa hizo atazifidia, na mnachokihifadhi ni mtu mliyemfundisha kazi kwa miaka. Nanyi viongozi wa jumuiya ndogondogo na wa Nyumba Kumi, ambao huitwa kila ndoa inapotikisika na kila kijana anapookotwa mtaroni, pigeni simu wiki hii, mjue mkutano ulio karibu na mtaa wenu ni upi, siku gani na saa ngapi, ili atakayewauliza apewe jibu lililothibitishwa wiki hiyo, pamoja na mtu wa kwenda naye.

Nitabaki hapa mpaka saa mbili na nusu. Anayetaka kupiga simu ya kwanza sasa hivi na hataki kuipiga akiwa peke yake, aje kwenye ofisi ndogo iliyo nyuma ya ukumbi, tukae tuipige pamoja. Asanteni sana kwa kunisikiliza.